Ruracio ya Thika: Je, Wambui asimame kwenye mstari wa dada yake?

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Hii ni ya nyumbani kwetu na sijaitia chumvi. Majina nimebadilisha, na mhusika mwenyewe ameniruhusu niandike.

Mimi naishi Ruiru, upande wa Gatongora. Dada yangu, Mama Wambui, yuko Thika na mume wake. Wana mabinti wawili. Wambui, mkubwa, alisomea chuo Juja, kisha akaenda Canada kufanya kazi. Nyambura, mdogo, alikuwa amechumbiwa, nami kama mjomba nikawa chairman wa kamati ya ruracio, yaani siku ya wakwe kuleta mahari.

Wambui akasema atakuja. Wiki hiyohiyo binamu mmoja akaona picha zake online na mwanamke anayeishi naye kama mpenzi wake. Familia yote ikajua.

Kwa wasiojua desturi yetu: siku hiyo bibi harusi anafunikwa leso (khanga) pamoja na dada na binamu zake, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Akikosea, analipa faini ya mbuzi.

Mama Wambui akasema Wambui asisimame pale.

Nyambura akamjibu, "Basi hata mimi sisimami. Mtafunika nani?"

Familia tukakutana Kamakis, kule kwa nyama choma hapa Ruiru, nyama mezani, tuamue.

Mimi hupenda kujua kitu kimetoka wapi. Nikamuuliza kila mtu maoni yake ameyapata wapi.

Shemeji yangu, baba yao, alisema, "Hii mambo imeletwa na wazungu." Akanionyesha clip ya mhubiri. Mhubiri mwenyewe ni mzungu, wa Marekani.

Vijana wa familia wakacheka. Nikawageukia na wao.

"Series, uncle."

Hizo nazo ni za Marekani.

(Nimesoma kidogo kuhusu haya. Hata sheria ya kukataza mapenzi haya, inayotajwa sana hapa kwetu, iliandikwa enzi za mkoloni. Kwa hivyo pale mezani, kilichokuwa chetu kabisa ni ile nyama.)

Halafu nikagundua tunamjadili mtu ambaye hakuna aliyempigia simu. Nikampigia, nikaweka speaker, nikamwambia wazazi wake wanasikia.

"Wambui, hii mambo ulijifunza huko?"

"Hapana, uncle. Nilijijua nikiwa Juja, hata passport sina. Huku nimejifunza tu kuisema."

Mama yake akasogeza sahani kando.

"Na miaka yote hiyo ulikuwa unaniambia uko busy na masomo."

"Nilikuwa busy pia, mum."

"Mimi hiyo maisha sikubaliani nayo. Nakwambia ukweli. Lakini wewe ni wangu, utasimama na dada yako. Na usiniletee hizo suruali zako zimeraruka magoti."

Baba yake hakupinga.

Siku ikafika. Bwana harusi akapita mbele ya leso mara mbili, akashika mkono mmoja kwa uhakika, akafunua. Ni Wambui.

Wageni wakaangua kicheko. Sisi tuliojua tukaganda.

Wambui akamwangalia. "Shemeji, pole. Hapa umepotea kabisa."

Aliyecheka wa kwanza upande wetu ni mama yake, mpaka akatafuta kiti.

Funzo nililopata: siku hizi hasira inatujia kwa simu, na uhuru pia unatujia kwa simu, mara nyingi kutoka nchi moja. Sisemi vya nje ni vibaya. Hata mimi elimu yangu nyingi nimeokota kwenye vitabu vya nje. Lakini kabla hujachukua msimamo wa mtu wa mbali ukamhukumu nao mtu wako, muulize kwanza huyo wako.

Msidhani kila kitu kimeisha. Dada yangu bado anaomba Mungu ambadilishe Wambui, na anamwambia hivyo waziwazi. Huongea naye kwa video kila Jumapili baada ya kanisa. Juzi nikiwa hapo, yule mwanamke wa kwenye picha akapita nyuma ya Wambui, akatoka haraka.

Dada yangu akauliza, "Na huyo amekula?"

Wenye mtu wenu aliye mbali, nyumbani mliongea vipi? Hata usiponiunga mkono, andika. Nitasoma zote.