Damu ya Fukayosi na kromosomu ya kwanza

Leo nimeambiwa kaa chini, nikabaki nimesimama.

Mimi ni karani kwenye utafiti wa malaria. Tulienda Fukayosi kuwashukuru waliotoa damu, na mmoja wao, Bi Mwanaidi, akauliza, "Wanangu, ndani ya damu yetu mmeona nini?"

Bosi akampa soda. Jibu hakumpa.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Hata hivyo nikainuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sema."

"Aina moja ya malaria huingia kwenye damu kupitia kipokezi, kama mlango. Tumetafuta jeni ya mlango huo, ipo kwenye kromosomu ya kwanza. Kromosomu huja mbilimbili kama doti ya kanga, moja ya mama, moja ya baba. Kwa wengi wenu zote mbili zimeufunga mlango, malaria hiyo haiingii."

"Karani, kaa chini," bosi akasema. "Wataacha vyandarua."

"Mbu wa hapa unawajua wewe?" bibi akamuuliza. "Chandarua hatuachi hata kwa kelele zao tu. Mwache mtoto aseme, damu ni yetu."

Nikamalizia: malaria iliyozoeleka ina milango mingine, laleni ndani ya vyandarua.

Tumesharudi ofisini Dunda, na mkataba huenda usiongezwe. Naogopa, sikatai. Wakiniuliza tena nitajibu tena.

Ninyi mngekaa?