Mgeni wa Kupigiwa Makofi

Makofi ndiyo yaliyomuudhi Mboje, kabla hata habari ya ardhi haijatajwa.

Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye uwanja wa shule, huko juu nyuma ya Mpui, kwenye mkutano wa hadhara. Mwenyekiti Oswaldi alimsimamisha mbele mzee mmoja wa Kizungu, Wimu jina lake, akamwomba awaeleze wananchi kwa nini, katika dunia yote hii, amechagua kuja kumalizia uzee wake kwetu. Wimu akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kwao Uholanzi baridi inauma mpaka kwenye mifupa. Pensheni yake kule yote inaishia kwenye kodi ya nyumba na umeme, huku inatosha na chenji inabaki. Huku mvua haikosi, ardhi ipo, watu ni wakarimu.

"Hapa nimepata joto," alisema, mkono kifuani.

Joto! Mwezi wa sita, juu ya Ufipa, watu wamejitanda mablanketi na Mboje mwenyewe kavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine! Lakini watu walifurahi kweli. Wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mtu akapiga mluzi.

Mboje hakupiga. Alikaa kwenye nyasi, mikono kwapani, akimkazia macho yule mzee. Mwanawe Amos, mtu mzima mwenye watoto wake, alipiga mawili matatu, akamtazama mama yake usoni, akaacha.

Kwa sababu maneno hayo, jamani, yalishasemwa hapo hapo. Miaka thelathini na kitu iliyopita Ngeleja, mume wa Mboje, alisimama mbele ya wazee wa kijiji hiki, akaulizwa: wewe Msukuma, umefuata nini huku? Ngeleja akajibu bila kuficha. Kwetu Maswa mvua imekata, ng'ombe wanakufa, maisha yamekuwa magumu. Huku nimesikia mvua haikosi, ardhi ipo, watu wana utu. Unadhani alipigiwa makofi? Thubutu! Mzee mmoja alitema mate pembeni akasema hawa wamekuja kutumalizia nchi. Mwingine akauliza kama wanaoga.

Mwishowe wakapewa kipande cha mlimani ambacho hakuna aliyekitaka, mawe na upepo mtupu. Mboje alikuwa na mimba ya Amos. Asubuhi ya kwanza aliona moshi ukimtoka mdomoni, akamwamsha Ngeleja akilia kwamba ameugua. Ngeleja akapumua, na yeye akatoa moshi, wakacheka kama watoto huku meno yakigongana.

Kulima alifundishwa upya na jirani yake Mfipa, Redempta. Huku majani hayachomwi. Unayapindua kwa jembe pamoja na udongo wake, unayakusanya kuwa tuta la mviringo linaloitwa ntumba, yanaozea humo ndani, mwaka unaofuata unalitawanya na kupanda. Siku Mboje alipowasha moto kwenye majani yake, Redempta alikuja mbio na jembe juu.

"Wewe mwanamke, unachoma chakula!"

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Redempta alipojifungua mapacha na maziwa yakakataa kutoka, Mboje ndiye aliyewapelekea maziwa ya ng'ombe kila asubuhi hadi wakatembea. Kifipa alikijua mpaka akaweza kugombana kwacho. Mawe ya msingi wa shule hii aliyabeba kichwani. Na bado, kila mkutano, lazima mtu aseme "wale wageni wetu wa mlimani." Amos alipokuwa darasa la pili alirudi nyumbani kimya, akala ugali nusu, akamwuliza mama yake, "Mayu, eti kwetu ni wapi?" Mboje akamwongezea mboga. Aliyameza hayo na mengine mengi, maana mtu akitaka kukaa mahali humeza. Leo yalikuwa yamemkaa kooni.

Ndipo Oswaldi akafungua la pili. Mgeni wetu, alisema, anataka kujenga nyumba ya kuishi na vyumba vya wageni wenzake. Atavuta bomba la maji. Vijana watapata kazi. Na mahali pamepatikana, utaratibu wa kumkodisha utafuatwa.

"Ni pale mlimani, kwenye zizi la zamani la Mama Amos. Mahali papo tu, hapatumiki. Mama Amos tutamwangalizia kipande kingine bondeni."

Mahali papo tu! Mboje alisimama.

"Mwenyekiti, pale yupo Ngeleja."

Na kweli yupo. Ngeleja aliacha ametamka mwenyewe: mimi mwenye mji, nizikeni zizini kama baba yangu alivyozikwa. Wakamzika katikati ya zizi. Ng'ombe wake wakapitishwa juu ya udongo, wakarudishwa, wakapitishwa tena, mpaka ukashikamana na samadi usijulikane ulipochimbwa. Hakuna msalaba, hakuna saruji, hata jiwe. Kwa Ngeleja hiyo ndiyo heshima, kukanyagwa na ng'ombe wako mwenyewe. Baadaye Mboje alihamishia zizi karibu na nyumba, lile la zamani likaota majani, na yeye hakuruhusu jembe liguse humo. Kuweka alama hakuwahi kufikiria. Aweke alama ya nini, wakati kila mtu alikuwepo?

Oswaldi alitabasamu kwa upole, ule upole wa mtu mwenye kipaza sauti.

"Mama Amos, sisi tunaheshimu mila za kila mtu. Lakini kaburi ni kitu cha kuonekana. Mimi pale nimepita mara nyingi sijaona kitu. Pengine ni umri, mama yangu, mtu husahau."

"Mimi nasahau? Mimi?" Sauti ya Mboje ilipanda. "Oswaldi, wewe ulishika koleo siku ile! Ulikula nyama ya fahali wa msiba, ukaramba mafuta mpaka kwenye kiwiko!"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakikata ghafla. Mboje akazungusha macho akitafuta mtu wa kusema neno. Waliochimba walikuwepo, waliobeba walikuwepo. Mmoja alikuwa anakuna mguu. Mwingine aliahidiwa ulinzi wa geti ambalo halijajengwa. Alipofika kwa Redempta, Redempta alikuwa anahesabu maua ya kitenge chake. Binti yake ameambiwa atakuwa mpishi wa mzee. Basi kijiji kizima kikajifanya hamnazo, kwa ajili ya bomba.

Wimu aliinua mkono. Alikuwa mtu mpole, hilo tuseme ukweli, na alitaka kuyatuliza.

"Mama, kama yupo, sisi tunaweza kumhamisha vizuri. Kwetu ni kawaida. Kwetu kaburi unakodi. Muda ukiisha, wanatoa mifupa, wanaweka mtu mwingine."

"Yesu na Maria," alisema Redempta, akafanya ishara ya msalaba.

"Kumbe!" Mboje alisema. "Kumbe ndiyo maana umekimbia. Kwenu hata maiti analipa kodi ya nyumba!"

Wimu akawa mwekundu mpaka masikioni. Akajibu polepole, akitafuta maneno, kwamba hata mke wake alikuwa katika kaburi la kukodi. Muda wake uliisha mwaka jana.

Mboje alimhurumia. Alijikuta anamhurumia hapo hapo aliposimama, na huruma hiyo ikamzidishia hasira, maana hakuja mkutanoni kumhurumia mtu. Huyu ametolewa mke wake kaburini, akapanda ndege kuja kunitolea mume wangu, na anaomba kwa adabu!

"Twendeni tukaone kwa macho," alisema Oswaldi, akiona mkutano unamponyoka. "Mgeni aone eneo, wananchi waone, yaishe."

Wakapanda mlima, kundi zima. Zizi la zamani lilikuwa na nguzo chache tu zilizoegemeana, na ndani majani mabichi, yamelingana, yakicheza na upepo. Mtu asiyejua angesema kweli mahali papo tu. Watu wakajipanga kandokando ya nguzo. Hakuna aliyeingia ila Oswaldi, na Wimu hatua chache nyuma yake.

Oswaldi alianza kuonyesha, mkono hewani, akitembea kwa madaha kuelekea nguzo za juu. Hapa sebule. Hapa baraza, ukikaa na chai yako unaliona bonde lote. Kule maua. Alipofika katikati ya zizi, mdomo ukiwa bado kwenye maua, miguu yake ilikunja kushoto. Ikachora nusu duara kwenye majani ambayo hayakuwa na tofauti yoyote na majani mengine, ikarudi kwenye mstari wake, ikaendelea. Sidhani kama alijua amefanya hivyo. Mfipa hakanyagi kaburi, hata akiwa anaongea uongo.

Wimu, masikini, alikuwa hajui kitu. Alimfuata kwa njia ya mkato, moja kwa moja. Akainua mguu.

"Weeee!"

Kijiji kizima kilipiga kelele kwa pamoja, wanaume kwa wanawake. Redempta alikuwa ameshika kichwa. Yule wa geti alinyoosha mkono kama anayemvuta. Wimu akabaki na mguu juu, akiyumba, akautazama mguu wake, akawatazama watu, akaurudisha nyuma.

Mboje alitembea taratibu mpaka katikati, akasimama kando ya mume wake.

"Mnapiga kelele ya nini?" aliuliza. "Si majani tu?"

Oswaldi alijipangusa paji la uso. Jasho lilimtoka, na baridi yote ile.

"Mlijua," alisema Wimu. "Nyote mlijua."

Akavua kofia. Akamgeukia Mboje, macho yamemlegea, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Pole, mama. Samahani sana. Basi mimi nitatafuta mahali pengine. Nchi ni kubwa."

Hakuwa na ubaya. Lakini hapo ndipo hasira ya Mboje ilipomaliza kuiva.

"Kubwa kwako!" alisema. "Mimi nimekaa hapa zaidi ya nusu ya maisha yangu, nimezaa hapa, nimezika hapa, na mpaka leo kila ninapokanyaga naambiwa ni pa mtu. Wewe unanyoosha kidole tu unakaribishwa. Nenda, baba. Watakupa pengine. Watakupigia makofi na huko."

Redempta alikuja karibu, akamgusa kiwiko, akaanza kumbembeleza kwa Kifipa chao cha shambani. Mboje akautoa mkono ule. Akamjibu kwa Kiswahili, kile cha kuongea na watu wa ofisini.

"Mama, usinishike tafadhali."

Redempta alianza kulia. Mboje alimwona na hakumwambia anyamaze.

"Tokeni zizini kwa mume wangu," aliwaambia wote. Wengi walikuwa wamekwisha kuingia ndani bila kujijua, wakisogea waone. "Na mkitoka mzunguke. Mnapajua."

Walitoka mmoja mmoja, macho chini, na kila mmoja alizunguka.