Sanduku la Kina Broadnax

Pale Chatham, kusini mwa Chicago, hakuna aliyethubutu kumwita Earnestine Broadnax kwa jina lake la kwanza isipokuwa wifi yake, Wilhelmina. Wengine wote, mchungaji akiwemo, walimwita Bi Broadnax, kwa sababu alikuwa amewafundisha kemia sekondari, au amewafundisha watoto wao. Alikuwa mjane mrefu, mwenye kofia tofauti kila Jumapili, na hakuwahi kutoka hata kuokota gazeti barazani kabla ya kuchana nywele.

Sebuleni kwake lilikaa sanduku la bati lenye pembe za shaba. Baba mkwe wake alishuka nalo kwenye treni kutoka Mississippi, na tangu hapo kila mtoto wa Broadnax aliyekwenda chuo kikuu aliondoka nalo, kisha likarudi kumsubiri mwingine. Kabla hajaondoka alifanyiwa sherehe ya sanduku, kama wafanyavyo watu wa kusini mwa Chicago: ndugu na waumini wanakuja na taulo, shuka, pasi na taa ya kusomea, vyote vya rangi ya chuo chake, wanajaza mpaka kifuniko kinagoma kufunga.

Mwaka ule zamu ilikuwa ya Nyla, mjukuu aliyemlea mwenyewe. Vyuo vitatu vilimkubali: Chuo Kikuu cha Chicago, kule Hyde Park, Northwestern, kule Evanston kando ya ziwa, na Chuo Kikuu cha Illinois cha hapa hapa mjini, upande wa magharibi. Mjukuu wa Wilhelmina alikuwa Northwestern, na Wilhelmina hakumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Hata mwavuli wake ulikuwa wa zambarau, rangi ya chuo.

Pengine ni ule mwavuli uliomponza Bi Broadnax. Jumapili moja baada ya Pasaka, mchungaji alipouliza nani ana habari njema, alijikuta amesimama.

"Nyla wetu anakwenda Hyde Park."

Kanisa zima likapiga makofi. Kabla ya wiki kwisha, akina mama walikuwa wameanza kununua taulo za rangi ya damu ya mzee, rangi ya Hyde Park. Lakini Bi Broadnax alikuwa ametupa jicho kwenye kwaya, akamwona Nyla anatazama viatu vyake.

"Una neno?" alimwuliza jikoni jioni ya Jumapili ileile.

"Sina, Bibi."

"Asiye na neno hatafuni kucha."

"Basi ninalo. Hukuniuliza."

Bi Broadnax aliweka kijiko chini. Miaka yote ya ualimu alikuwa akiwafokea wanafunzi walioandika jibu kabla ya kupima, na leo yeye ndiye aliyefanya hivyo, tena mbele ya madhabahu.

"Haya. Tutapima. Vyote vitatu," alisema. "Vaa viatu vya kutembea."

Hakutaka matembezi yale ya wageni, yenye kijana anayewaongoza akitembea kinyumenyume huku akitabasamu. Walikwenda siku za kawaida za masomo, wakakaa mahali wanafunzi wanapopita, na kila chuo aliuliza swali lilelile: "Mwanangu, mwalimu wako anakujua?"

Hyde Park, chini ya kuta za mawe ya kijivu zilizotambaliwa na majani, kijana mmoja alicheka. "Ananijua, mama, na anajua niliposema upuuzi wiki iliyopita. Bado tunabishana." Bi Broadnax alimpenda papo hapo. Evanston, ziwa liking'aa nyuma yao, binti mmoja alisema profesa wake alikuja kumtazama akiigiza jukwaani, mvua ikinyesha. Hilo nalo lilimpendeza, ingawa hakukusudia kumwambia Wilhelmina. Kote huko Nyla alikuwa na adabu, akaitikia, asiulize kitu.

Upande wa magharibi majengo yalikuwa ya zege, na upepo ulitaka kuondoka na kofia ya bibi. Swali likamwangukia binti aliyevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi.

"Wengine wananijua, wengine bado, tuko wengi," alisema binti. "Lakini mzee wa kitanda cha dirishani, wodini kwetu, ananijua. Nikichelewa ananinunia."

Nyla akajongea. Mzee anaumwa nini? Mnaanza wodini lini? Nani anawasimamia? Aliuliza mpaka bibi yake akasahaulika kwenye benchi, kofia ameishika kwa mikono miwili.

Kwenye treni ya kurudi Bi Broadnax alisema, "Nilidhani udaktari."

"Uuguzi, Bibi. Babu alipokuwa anaondoka duniani, daktari alikuwa anapita. Nesi ndiye aliyekaa."



Jumapili iliyofuata alisimama palepale. "Nilitangaza kabla ya kupima. Nyla anakwenda Illinois, hapa mjini, kusomea uuguzi. Aliyenunua taulo asirudishe dukani. Zinakausha vilevile."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Wilhelmina alimsubiri ngazini.

"Earnestine! Kumbe Hyde Park imehamia magharibi?"

"Haijahama, wifi. Na ni chuo kizuri, kama cha kwenu. Mdomo wangu ndio uliotangulia."

"Na sanduku je? Mtoto atakuja kula chakula cha jioni na kurudi! Sanduku ni la wanaosafiri. Baba yangu hakulibeba toka Mississippi liende kupanda treni ya mjini."

Hapo ndipo penyewe. Sanduku lile lilikuwa la baba yake Wilhelmina, na Nyla, nyuma yao, alikuwa amesimama tuli.

"Hyde Park ni karibu zaidi na kwetu, na hukusema kitu. Baba yako alikwenda mbali kwa sababu kule Mississippi mtu mweusi alifungiwa mlango wa karibu," Bi Broadnax alisema polepole. "Mtoto huyu mlango wake umefunguka karibu. Tumwadhibu kwa hilo? Wodi zinaanza alfajiri, atalala hukohuko. Na atalala na sanduku la baba wa babu yake."

Wilhelmina alirekebisha kofia yake ambayo haikuwa na kosa lolote.

Alikuja kwenye sherehe, mwisho wa wote. Kuku wa kukaanga alikuwa amebaki vipapatio tu, keki ya karameli imeliwa nusu. Juu ya taulo za damu ya mzee aliweka blanketi zito, jekundu na buluu, rangi za chuo cha Nyla.

"Za zambarau zilikwisha dukani," alisema.

"Mungu mkubwa," alijibu Bi Broadnax.

Kifuniko kiligoma, ikabidi Wilhelmina akikalie.

Siku ya kuondoka, shemasi mmoja alilifunga sanduku juu ya gari lake. Alipotaka kuingia barabara kuu, Bi Broadnax alimgusa bega.

"Pitia kanisani kwanza."

"Lakini huko si njia, Bi Broadnax."

"Najua si njia. Na usikimbize gari. Watu walione."