Uwanja Uliokauka kwa Dakika Arobaini

Chuo cha Ekblad kinapenda kuwahakikishia wanafunzi, wahitimu, wazazi na marafiki wake wote kwamba mustakabali wa besiboli na wa uwanja wake ni jambo linalopewa uzito wa pekee. Kwamba uamuzi wowote utatanguliwa na mashauriano ya kina. Na kwamba hakuna sauti itakayopuuzwa, hata iwe ya mtu mdogo kiasi gani. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, kwenye karatasi yenye nembo ya msalaba na suke la ngano, ikabandikwa kwenye mlango wa banda la zana nyuma ya uwanja, mahali ambapo ilikuwa na msomaji mmoja tu.

Msomaji huyo, Verlin Haupt, alikuwa na miaka sitini na mitatu, na alikuwa ameutunza uwanja ule kwa miaka ishirini na miwili. Aliisoma karatasi mara mbili, ya pili akiwa amevaa miwani. Kwa hesabu yake, katika chuo kizima hakukuwa na mtu mdogo kumzidi. Akaona anaitwa.

Hali yenyewe haikuwa siri katika mji ule wa Iowa. Msimu uliotangulia timu ilishinda mechi nne na kufungwa thelathini na moja, na katika hizo nne, moja ilipatikana kwa sababu basi la wageni liliharibika njiani. Wachezaji walikuwa wamebaki kumi na tisa. Mbao za jukwaa zilikuwa zimeoza kwa utaratibu ambao wazazi waliujua kwa moyo, wakakalia zile nzima na kumwachia Mungu zilizobaki. Kwenye ubao wa matokeo, taa za upande wa kushoto wa tarakimu ya wageni zilikuwa zimekufa, hivyo wageni wakifikisha nane ubao ulisoma tatu. Kocha Ray Tillotson, ambaye pia ndiye aliyekuwa dereva wa basi la timu, alikataza zisitengenezwe. Alisema huruma haipatikani kila mahali.

Wakati huohuo wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakiongezeka. Wauguzi walihitaji jengo, na jengo lilihitaji maegesho ya magari. Chuo kilitaja sehemu tatu zinazoweza kufaa kwa maegesho hayo: bonde lililo nyuma ya kanisa, mteremko wa zizi la zamani la ng'ombe, na uwanja wa besiboli.

Kitu kimoja tu katika besiboli ya Ekblad kilikuwa hakijawahi kushindwa, nacho ni udongo wake. Wilaya ile kwa asili ni kinamasi. Bila mabomba ya kunyonya maji chini ya mashamba, watu wake wangekuwa wakulima wa mpunga. Kwa hiyo huko mwanamume hapimwi kwa gari lake wala kwa sala zake, anapimwa kwa jinsi shamba lake linavyokauka. Baba yake Verlin alikuwa fundi wa mabomba hayo. Kiangazi cha kwanza cha Verlin pale chuoni, baba na mwana walichimba uwanja mzima, wakalaza mabomba yenye matundu kwa mpangilio wa miiba ya samaki, wakayafunika kwa kokoto, kisha wakaurudisha udongo juu yake kwa mteremko ambao jicho halikuuona lakini maji yaliuona. Mzee alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Tangu hapo Verlin aliandika daftari: tarehe, mvua iliyonyesha, na dakika zilizopita kabla mrushaji wa mpira hajaweza kusimama kwenye kichuguu chake cha kurushia bila kuteleza. Wastani ulikuwa arobaini. Vyuo vikubwa vyenye majukwaa ya zege na nyasi za kununuliwa vilikuwa vikiahirisha mechi siku nzima.

Ni Kocha aliyemwomba akaseme mbele ya kamati ya chuo iliyokuwa ikikusanya maoni.

"Kocha, mimi sijawahi kusema mbele za watu."

"Si ulisema siku ya harusi yako?"

"Nilisema neno moja."

"Basi safari hii sema mawili, Verlin. Sisi wengine tukisema wanatuona tunatetea vibarua vyetu."

Kikao kilifanyika mwezi wa Machi katika ukumbi ulio chini ya kanisa, kukiwa na birika kubwa la kahawa na sinia za keki za kukata zilizookwa na kina mama wa usharika, kwa kuwa katika mji ule hata hukumu haisomwi bila keki. Waliosema walikuwa arobaini na mmoja. Daktari wa meno aliyehitimu miaka thelathini nyuma alilia. Mama mmoja alieleza jinsi mwanawe alivyojifunza unyenyekevu hapo, na kwa rekodi ile ya timu hakuna aliyembishia. Mwenyekiti, Daktari Lorna Aasgaard, makamu wa rais wa chuo, alimwitikia kila mmoja kwa kichwa kwa kiwango kilekile. Kando yake alikaa mhandisi aliyetoka Des Moines. Alikuwa ameinamia kompyuta yake, na kwa saa nzima hakuinua uso.

Zamu ya Verlin ilipofika, alisimama na daftari lake mkononi. Alianza kwa sauti ya chini, akasema watu wanasema uwanja ule umekwisha, na yeye anataka kuwaambia kuwa haujakwisha. Jukwaa limekwisha, alikubali, na ubao pia. Lakini ardhi ya pale, alisema, hakuna mfano wake katika kaunti nzima. Akafungua daftari. Akasoma mvua ya mwaka huu na ya mwaka ule, inchi na dakika, inchi na dakika, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopanda na mgongo wake ulivyonyooka.

Mhandisi aliinua uso.

Aliuliza, kwa adabu, mabomba yalilazwa kina gani. Verlin alimjibu. Aliuliza kama yanafanya kazi bado yote. Verlin alisema huyazibua yote kila vuli, kwa mkono. Aliuliza udongo umeshindiliwa vipi. Hilo Verlin alikuwa akingoja kuulizwa kwa miaka ishirini na miwili. Alieleza habari ya rola lake la chuma la kushindilia, tabaka kwa tabaka, akamalizia kwamba trekta linaweza kupita pale hata Aprili lisiache alama. Ukumbi ulimpigia makofi. Kocha alimkumbatia. Mhandisi aliomba kuliazima daftari kwa siku chache, na Verlin alimpa kwa mikono miwili.

Usiku ule alilala vizuri, jambo ambalo mkewe, Arlys, alilikumbuka baadaye.

Asubuhi alikwenda kunywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, penye meza ambayo wanaume walewale huikalia kila siku wakijadili mvua kwa sehemu za kumi za inchi. Alisimulia kila kitu. Walimsikiliza. Duane Mohr, ambaye amelaza mabomba katika nusu ya mashamba ya kaunti na aliyekuwa mshenga wa Verlin na Arlys, alitafuna kitumbua chake cha sukari mpaka mwisho.

"Ngoja nikuelewe," alisema. "Wanatafuta mahali pa kujenga."

"Ndiyo."

"Nyuma ya kanisa maji yanafika magotini."

"Ndiyo."

"Na wewe umeenda kuwaambia kwako ni pakavu na pamebana kama saruji." Alifuta vidole. "Verlin, ndugu yangu, umeenda kumwombea ng'ombe asichinjwe, ukaanza kuisifu nyama yake."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alisukuma sukari karibu na kikombe cha Verlin, ingawa wote walijua hatumii sukari.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari Aasgaard, buti zikiwa na tope. Daktari alimkaribisha, akamshukuru tena kwa jana. Verlin alisema amekuja kurekebisha maneno yake. Uwanja ule, alisema, una matatizo. Daktari Aasgaard alichukua kalamu.

"Matatizo gani, Verlin?"

Verlin alilelewa katika nyumba ambamo uongo uliadhibiwa vikali kuliko wizi. Alitafuta kichwani mwaka hadi mwaka.

"Mwaka elfu mbili na kumi," alisema. "Juni. Maji yalituama."

"Kwa muda gani?"

Alitazama kofia yake. Angeweza kusema siku tatu. Hata wiki. Nje ya daftari lile, hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejua.

"Dakika hamsini na tano," alisema.

Daktari Aasgaard aliandika.

Ripoti ilitoka wiki tatu baadaye. Ukurasa wa pili uliwashukuru kwa jumla wote waliotoa maoni. Ukurasa wa tisa ulimtaja mmoja kwa jina, ukamnukuu kwa aya nzima, pamoja na habari ya trekta. Kiambatisho kilikuwa kimoja: nakala ya daftari. Timu ingemaliza msimu, kisha uwanja ungegeuzwa maegesho, mchezo ungesitishwa kwa muda usiojulikana, na kumbukumbu yake ingeenziwa kwa bamba la shaba.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumamosi ya kwanza ya Mei. Wageni walipata nane, wenyeji tatu. Ubao ulisoma tatu kwa tatu, na watu waliupiga picha. Kocha alipeana mikono na wachezaji wote kumi na tisa, akaenda kuwasha basi ingawa hapakuwa na safari. Miezi miwili baadaye alianza kuuza mbegu za mahindi kaunti ya jirani. Wachezaji waliondoka na udongo kwenye vikombe vya karatasi. Verlin aliusawazisha uwanja baada yao kama kawaida, akakung'uta reki, akafunga banda. Alipofika nyumbani Arlys alikuwa ameandaa tambi za kuoka. Hakula.

"Wangepachagua hata ungenyamaza," Arlys alimwambia.

"Labda."

"Mteremko wa zizi ungewagharimu mara tatu. Kila mtu anajua."

"Ningenyamaza," alisema Verlin, "tungejua."

Hawakuligusia tena.

Mkandarasi aliyaacha mabomba palepale. Aliyaona hayana kasoro. Chuo hakikumwachisha Verlin kazi, kilimhamishia kwenye maegesho, kuchora mistari myeupe na kufagia theluji. Anachora mistari iliyonyooka sana. Aliuliza mara mbili kuhusu daftari lake. Mara zote mbili aliambiwa limehifadhiwa.

Bamba la shaba lilizinduliwa mwezi wa Aprili uliofuata, karibu na lango la maegesho. Daktari Aasgaard alisema Ekblad ni chuo kinachosikiliza. Mvua ilikatiza hotuba, ikanyesha inchi mbili na robo, na watu wakaingia ndani kunywa kahawa. Verlin alibaki chini ya paa la banda, akitazama saa yake kwa mazoea. Maegesho yalikauka kwa dakika thelathini na nane.