Ganda la Risasi Limetengenezwa Wapi?

Juzi, kwa wakala wa mizigo hapa mtaa wa Guangyuan Xilu, tulikuwa tukisubiri marobota yetu yapimwe. Binti wa Kitanzania anayesomea akiolojia hapa Guangzhou, China, akatuonyesha kwenye simu ganda la risasi alilolifukua likizoni, milimani huko Ulaya. Lilikuwa kwenye kaburi la wapiganaji wa msituni waliopambana na mafashisti kwao, wakazidiwa, wakavuka mpaka kujificha nchi jirani.

Mama mmoja wa Kariakoo akasema kama asemavyo madukani: "Hebu geuza, mwanangu, tuone limetengenezwa wapi."

Tukacheka. Binti hakucheka. Akafungua picha ya kitako cha ganda chenye mhuri wa kiwanda. "Nchi waliyoikimbilia, mama."

"Hiyo si hoja. Mashati ya hapa hayavaliwi Dar?"

"Risasi hizi hazikuuzwa. Waliopewa ni askari wa mpakani wa nchi hiyo tu."

Miaka yote nimeuliza swali lile ili nisiuziwe feki. Sikujua kwamba linaweza kumtaja muuaji.

Mkono wa mama ukapanda taratibu hadi kifuani, ukapapasa kipochi chenye pasipoti na viza ya hapa. Mimi nilipapasa changu nikijifanya najikuna.