Herufi Kubwa za Baba

Kila nilipowasha kompyuta, dirisha la antivirusi lilijitokeza nusu nusu. Juu palikuwa na alama nyekundu na neno la onyo. Mistari iliyofuata ilipandiana kiasi cha kutosomeka, na chini, mahali pa vitufe, dirisha liliishia ukingoni mwa kioo kana kwamba limekatwa kwa mkasi. Onyo la nini, sikujua. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kitu kinachonitisha bila kujieleza hunichefua kuliko hatari yenyewe.

Ilikuwa miaka ile mizigo ya vifaa vya mitumba ilipoanza kumiminika nchini, hata sisi makarani wa Songea tukathubutu kuota kuwa na kompyuta nyumbani. Yangu ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa blanketi. Mama akaifumia kitambaa cheupe kama alivyoifumia redio na televisheni. Lakini mwenye kuitumia hasa alikuwa Baba. Alikuwa mwalimu mstaafu, vidole vyake vimezoea taipureta ya shule, na watu walimfuata hata kutoka Hanga awaandikie barua za mirathi, za uhamisho, za kumwombea mtoto nafasi ya shule. Alichapa barua, akaihifadhi kwenye disketi, kisha akaenda nayo mjini stesheneri ili itolewe kwenye karatasi. Hakumtoza mtu. Nadhani hiyo ndiyo kazi iliyomfanya aendelee kuitwa Mwalimu kwa haki.

Basi mimi nikazishukia disketi.

“Baba, hizi disketi zako zinatuletea virusi kutoka stesheneri,” nilimwambia, tena mbele ya mgeni.

“Inawezekana, mama,” alinijibu. Aliniita mama tangu utotoni, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

“Si inawezekana. Ndizo.”

Hakubisha. Siku zilizofuata nilifanya kila nilichokijua. Niliiondoa antivirusi nikaiweka upya kutoka kwenye sidii, dirisha likarudi na kilema chake kile kile. Nilizibeba disketi zote hadi kazini, zikakaguliwa, zikaonekana safi. Hilo sikumweleza Baba. Nilijiambia nitamweleza nikishapata jibu.

Jibu nililipata Jumamosi mchana, nikipekua mipangilio ya kioo. Herufi za kompyuta nzima zilikuwa zimekuzwa. Antivirusi ilitengenezwa kwa herufi za kawaida. Zikikuzwa, maneno hayaenei kwenye dirisha lake. Nikazirudisha, nikazima, nikawasha. Dirisha likafunguka zima, na lile onyo la kutisha likawa linasema tu kwamba orodha ya virusi imepitwa na wakati. Nilicheka peke yangu. Nikamlaumu kimoyomoyo fundi aliyetuwekea ile antivirusi mara ya kwanza kwa kuchezea mipangilio ya watu, wala sikujiuliza ni nani mle nyumbani angehitaji herufi kubwa.

“Baba, mashine imepona!”

Akaja, akaketi, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. “Afadhali,” alisema, akainuka.

Tangu siku hiyo hakuikaribia. Watu walipokuja aliwaambia wajaribu stesheneri, yeye ana palizi. Palizi gani, na mahindi yalishakomaa? Nikajua amenuna kwa sababu ya disketi. Badala ya kumwomba radhi, nikamtania.

“Mwalimu siku hizi mvivu! Umestaafu mara ya pili?”

Alicheka kidogo, kicheko cha kuniridhisha mimi.

Kisha akaja mjane mmoja wa Hanga, ambaye hakukubali kuambiwa habari za stesheneri. Alitaka barua kwa shemeji yake aliyeko Nakapanya, amsihi asiliuze shamba la marehemu kabla watoto hawajakua. Nilikuwa jikoni, nikasikia jinsi alivyolieleza jambo lake kwa utulivu, sentensi baada ya sentensi, na vidole vya Baba vikimfuata kwa kasi ile ya zamani. Nikafurahi kwamba kununa kumekwisha. Mjane akaahidi kuipitia barua baada ya misa ya Jumapili, akaondoka.

“Mama, hebu njoo unisomee,” Baba aliniita. “Nataka kusikia inavyokwenda.”

Nikasimama nyuma yake. Mstari wa kwanza ulisomeka *Mfihi usmhi*. Wa pili vivyo hivyo, na ukurasa wote, na uliofuata. Mikono ilikuwa imeteleza hatua moja kulia kwenye vitufe alipoanza, na yeye akaandika “Ndugu yangu” na maneno yote ya yule mama bila kuona kwamba kioo kimejaa takataka. Miwani ilikuwa usoni pake. Macho yake yalielekea kioo, yananingoja.

Kwetu mtoto hamuulizi mzazi habari za mwili wake mpaka mzazi aanze mwenyewe. Nimelelewa hivyo, na siku ile nilijificha nyuma ya malezi hayo. Nikaanza “kusoma” yale niliyoyasikia nikiwa jikoni: ndugu yangu, salamu sana, nakuandikia kuhusu shamba. Baba aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

“Haina makosa?”

“Haina, Baba. Iko vizuri sana.”

Alipotoka na Mama kwenda kwenye sala za jumuiya, nilibaki nimeketi, nimejawa na aibu. Baba ndiye aliyemwomba fundi amkuzie herufi, sasa niliona wazi. Nami nilimnyang'anya macho kwa mkono wangu ili dirisha la antivirusi lipendeze, kisha nikamwita mvivu. Nikazikuza tena herufi palepale, kubwa kuliko mwanzo. Nikaihifadhi barua, nikazima na kuwasha. Dirisha likakatika, mistari ikapandiana, nikaliacha. Barua nilipanga kuiandika upya asubuhi, kimyakimya, asijue kitu. Nikaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Niliporudi sebuleni, alikuwa amekwisha rudi. Kitambaa kilikuwa kimewekwa pembeni, naye ameifungua barua, amekaa mbele yake. Hakuinama. Alikuwa ameegemea kiti, mgongo wima, kwa kuwa sasa alikuwa anaona. Alisoma mstari wa kwanza kwa kidole, akashuka wa pili, akafungua ukurasa uliofuata, akaupitia wote mpaka mwisho, ule uliopaswa kuwa na salamu.

“Umenirudishia herufi,” alisema bila kugeuka.

“Ndiyo, Baba.”

“Ahsante, mama.”

Akafuta kurasa zote mbili. Akavipapasa vitufe, akatafuta mahali pa vidole, akaanza upya. Alipofika mwisho wa sentensi ya kwanza alisita, akaisoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, mpaka nukta. Hakuniomba nimsomee, siku ile wala baadaye.