Nduwayo na Kazi ya Kukaa

Kiangazi cha mwaka tisini na tano, Nduwayo alikuwa anatafuta kitu kimoja tu hapa duniani: kazi ambayo mtu anaifanya akiwa amekaa.

Hakutaka cheo. Alitaka kiti. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amebeba magunia ya mahindi kwenye ghala la kambi yetu ya wakimbizi, upande wa Rulenge, na mgongo wake ulikuwa umeshatoa notisi zote za kisheria. Asubuhi mkewe, Agripina, alimsukuma kwa nyuma ili ainuke kitandani, kama watu wanavyosukuma gari lililogoma kuwaka. Miaka yake hamsini na miwili, ukimwona anapanda ngazi ya ghala ungempa sabini na ungejiona umempunguzia.

Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa kijana, akapata shamba, akaoa, akapanda migomba, akadhani habari za kukimbia zimekwisha. Halafu watu wakavuka tena kwa malaki, na kambi ikaota pale kilimani palipokuwa na miti. Nduwayo alikuja ghalani kwa mwezi mmoja, apate mabati ya kuezekea. Mabati aliyapata. Ila shamba lake lilikuwa karibu mno na kambi, na ndizi zake zikawa zinavunwa na watu asiowajua, saa asizozijua. Akabaki na mabati juu, na chini hakuna cha kupika. Basi magunia yakaendelea.

Kazi za kukaa kambini zilikuwepo, lakini zilikuwa na wenyewe. Karani alitakiwa awe na kidato cha nne. Dereva alitakiwa awe na leseni. Mlinzi wa geti alikuwa na kigoda kizuri sana, ila alikuwa pia shemeji yake Renatus, msimamizi wa ghala. Renatus alikuwa na miaka ishirini na saba na filimbi shingoni, na aliipuliza hata akitaka chai.

Ndipo likaja sanduku.

Lilikuwa sanduku la mbao, zawadi kutoka kanisa fulani la ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na trekta dogo jekundu la kukatia majani, lile ambalo dereva anapanda juu yake. Lina usukani, lina gia, na lina kiti cheusi chenye sponji na pa kuegemea. Tuliokuwa karibu na Nduwayo tulimsikia akivuta pumzi.

Pamoja na trekta kulikuwa na kitu kingine cha kufungwa mbele yake. Kilikuwa mdomo mpana wa bati nene. Ndani ya mdomo mlikuwa na chuma kilichojisokota kama skrubu kubwa, nyuma yake feni, na juu shingo ndefu iliyopinda. Kijana mmoja wa Kanada, fundi wa vifaa vya shirika la misaada, ndiye aliyetueleza. Kwao theluji huanguka usiku ikaziba njia. Asubuhi mtu anapanda trekta, mdomo unaila theluji, shingo inaitemea pembeni.

Renatus akatazama juu. Jua la mwezi wa nane lilikuwa limekaa pale pale.

"Na majani je?" akauliza. "Si linakata majani pia?"

Tukacheka mpaka makuli wengine wakaketi. Kambi ile haikuwa na jani. Watu walikuwa wameshamaliza miti, wamemaliza visiki, wako kwenye mizizi.

"Wiki moja," alisema Renatus. "Likipata kazi linabaki. Likikosa linarudi ghala kuu, Ngara."

"Na dereva wake?" Nduwayo akauliza.

"Dereva wake nani?"

"Mimi. Niliendesha trekta la ranchi Biharamulo kabla sijaoa."

"Hilo la ranchi lilikuwa linatupa theluji?"

"Lilikuwa na kiti," alisema Nduwayo.

Aliondoka na kitabu cha mashine chini ya kwapa. Kiingereza hakukijua, lakini picha alizisoma zote. Kwenye mojawapo mzungu mwenye kofia ya sufu alikuwa amezungukwa na weupe hadi kiunoni. Nduwayo akainua macho akatazama uwanja wetu wa ghala. Malori yalikuwa yameusaga mwaka mzima, na vumbi lake jekundu, laini kama unga, lilifika gotini. Lori likizama humo sisi makuli tulilisukuma, kisha tukalishusha mzigo, kisha tukalisukuma tena. Picha na uwanja vilipishana rangi tu.

Jumatatu saa tatu asubuhi akaliwasha, na mashine ikala vumbi. Tulipiga vigelegele wanaume wazima. Bahati mbaya Nduwayo hakuwa ametazama shingo imeelekea wapi, na upepo ulikuwa na mpango wake. Lile vumbi lilipaa, likafikiria, likashuka lote kwenye jiko la uji wa watoto.

Jiko lilikuwa la Odeta, mama wa Kinyarwanda ambaye hata wakuu wa shirika walimsalimia kwa mbali. Alitoka ndani ya wingu, nyusi nyekundu, mwiko mkononi.

"Yewe muzehe! Kambi yote hii, umeona sufuria zangu tu?"

"Samahani, mama. Ni upepo."

"Upepo una usukani? Mimi naona mtu amekaa."

"Nimekaa, ndiyo."

"Basi inuka! Maji ya uji mwingine utayateka wewe."

Alizileta ndoo sita kutoka bombani, kwa miguu, mbele ya kambi nzima. Siku ya kwanza ya kazi ya kukaa iliishia hivyo.

Kesho yake alianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, shingo akaielekeza korongoni. Na hapo, lazima tuseme ukweli, mambo yakawa mazuri. Malori mawili yaliingia bila kuzama. Nduwayo alipita mbele yetu taratibu, mgongo umeegemea, mikono miwili kwenye usukani, na sisi chini ya magunia tulimwita Mheshimiwa na tulimchukia kidogo.

"Mheshimiwa, tukuletee mto?"

"Mto ninao," alijibu. "Nileteeni mwavuli."

Tatizo lilikuwa mawe. Vumbi la uwanja wetu lilificha mawe ya changarawe, mengine ukubwa wa ngumi. Mdomo ukiuma jiwe, pini hukatika. Mkanada alikuwa ametueleza hilo mapema: ile skrubu imeshikwa na pini nyembamba, na pini hiyo imetengenezwa ikatike makusudi, ili jiwe lisiende kuvunja giaboksi. Pini ikikatika unaweka nyingine, unaendelea. Walileta sita kwenye mfuko wa nailoni.

Kule kwao, nadhani, pini moja inamaliza majira ya baridi. Kwetu ilimaliza robo saa. Na kila pini ilikuwa na ibada yake. Zima mashine, shuka, piga magoti vumbini, ingiza mikono mdomoni, gonga kipande kilichobaki kwa nyundo, weka kipya, kaza nati, jiinue kwa kushika tairi, panda, ukae. Halafu tak! Shuka tena. Jumatano ile Nduwayo alipiga magoti mara nyingi kuliko padre wa Rulenge Ijumaa Kuu. Jioni magoti yalikuwa yamevimba, na mgongo, uliokuwa umeanza kuamini kuna haki duniani, ukarudi kule kule.

Zile sita zilipokwisha alikwenda kwa Nkeshimana, mhunzi wa Kirundi aliyekuwa na kibanda kwenye soko la kambi. Nkeshimana akamkatia pini kutoka kwenye vigingi vya hema. Zilikuwa laini mno, zilikatika hata kwa jiwe la kusingiziwa.

Sasa Renatus naye akaleta lake.

"Ijumaa unakuja msafara, malori arobaini," alisema. "Uwanja ukiwa safi wote, mpaka ile kona ya ngazi, nakuandika dereva wa mashine. Kwa kalamu, mzee. Si kwa penseli."

"Wa kudumu?"

"Wa kudumu. Magunia utayaona kwa macho tu."

Kona ya ngazi ndiyo ilikuwa na vumbi refu kuliko kote, na mawe yake yalizaliana. Alhamisi asubuhi Nduwayo alirudi kwa Nkeshimana akichechemea.

"Nipe kitu kisichokatika."

"Si ulisema Mkanada wako anataka kikatike?"

"Mkanada hapigi magoti."

Nkeshimana alimtazama, akaingia nyuma ya kibanda, akatoka na bolti ya springi ya lori. Akaipima, akaikata, akaichonga mpaka ikaingia. Akaishika hewani.

"Hii itakuzika, mzee wangu."

"Haya. Mradi inikute nimekaa."

Tangu saa mbili mpaka saa tisa mchana siku ile hakushuka hata mara moja. Alikula ndizi ya kuchoma juu ya kiti. Mdomo ulipouma mawe ulishtuka, ukanguruma, ukayatema korongoni na vumbi lake. Uwanja ulisafishika mpaka tukaanza kuokota vitu tulivyokuwa tumevisahau: koleo, ndara, bati la chumvi, funguo ambazo mwenyewe alishahama kambi. Ilibaki ile kona.

Kwenye kona kulikuwa na jiwe ambalo halikuwa jiwe la kutemwa. Lilikuwa jiwe la kilima chenyewe, limechomoza tu kichwa. Siku zote tulisikia tak, kisha kimya. Safari hii tulisikia kitu kinasaga, kinasaga, halafu kikapasuka kule ndani kabisa, mahali ambapo nyundo haifiki. Mafuta meusi yakatoka, yakanywewa na vumbi.

Nduwayo alizima. Hakushuka.

Renatus akaja mbio. "Pini?"

"Pini ni nzima."

"Basi si uwashe!"

"Pini ni nzima, Renatus. Vingine vyote ndivyo vimekwisha."

Mkanada akaja, akalala chini ya mashine, akatoka na ile bolti kwenye kiganja. Haikuwa hata na mkwaruzo. Akauliza nani ameiweka. Nkeshimana alikuwa ameshafika, amesimama kati ya watazamaji na mikono yake nyuma, na mkimbizi mwenye kosa la kuharibu mali ya shirika hahojiwi sana, anafutiwa kibanda.

"Mimi," alisema Nduwayo. "Pini zilikuwa zinanichosha." Akashuka.

Mkanada hakugomba. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akamshika bega, akaondoka. Mdomo ulifunguliwa kutoka kwenye trekta ukaachwa pale pale, na kuku wa mlinzi wakahamia humo. Trekta lenyewe lilikuwa linatembea bado, kwa hiyo ikaamuliwa lirudi Ngara, wakakate majani ya huko.

"Kesho malori yote yana mahindi," Renatus alisema. "Utalipeleka mwenyewe. Halafu rudi, tuna mzigo."

Jioni ile Agripina alimpaka samli mgongoni.

"Umekaa siku ngapi kwa jumla?"

"Ukitoa za magoti, moja na nusu."

"Ilikuwa nzuri?"

"Nzuri."

Asubuhi akamsukuma, akainuka.

Kutoka kambini mpaka Ngara ni kilometa ishirini na kitu, na lile trekta lilikwenda mwendo wa mtu anayekwenda kudaiwa. Kwenye vilima lilipitwa na akina mama wenye mihogo kichwani.

"Mzee, shuka tukubebe!" mmoja alimwambia.

"Asante, mama. Leo nabebwa," alisema Nduwayo, na kweli alibebwa, saa nne nzima, na hakusimama hata kujisaidia mpaka alipouona mji.

Ghala kuu lilikuwa na uzio, na ndani ya uzio nyasi za kijani, zimemwagiliwa maji, kiangazi kile. Mtunza ghala aliitwa Fideli, shati lake limenyooka. Alipokea ufunguo, akampa karatasi aweke dole gumba.

"Niandikeni mimi hapa," Nduwayo alisema. "Mashine hii naijua."

"Dereva tunaye, mzee. Tulimpata jana, simu ya upepo ilipoita kutoka kwenu kwamba trekta linakuja."

"Ana umri gani?"

"Ishirini na mbili. Kwa nini?"

"Basi. Mwambieni akikwama asiweke bolti ya nguvu."

"Huku ni majani tu, mzee. Yatakwamisha nini?"

Dereva mwenyewe alishakaa. Alikuwa anasogeza kiti mbele, miguu yake ilikuwa mifupi.

Nje ya geti malori ya msafara yalikuwa yanaondoka, na dereva mmoja akamruhusu apande juu ya mzigo. Nduwayo alijilaza kwenye magunia, uso kwenye turubai, akalala kabla hawajatoka mjini. Hakusikia vilima, hakusikia mashimo. Lori lilipofika kwetu lilizama kwenye ile kona ambayo haikumalizika, tukalisukuma na yeye akiwa juu bado anakoroma.

Filimbi ndiyo iliyomwamsha. Renatus alikuwa amesimama nyuma ya lori, mlango wa bodi umeshafunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole na safari. Hili ni la tisa, yamebaki thelathini na moja. Umelalia mzigo wetu."

Nduwayo alitazama chini yake, kama mtu anayesoma jina la stesheni. Akashuka kwa kushika tairi, akasimama kidogo mpaka magoti yakubali. Kisha akaligeuzia lori mgongo, akainama, akaweka mikono mapajani.

"Haya," alimwambia kijana aliyekuwa juu. "Weka."